Mkituambia tusisumbukie ya kesho, tufundisheni na namna yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wachungaji, mapadre, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, maana Januari imefika na Mathayo sura ya 6 imeanza kusomwa madhabahuni kila mahali.

Andiko lenyewe halina ubishi: "Msisumbukie maisha yenu, mle nini au mnywe nini, wala miili yenu, mvae nini." Mhubiri hulisoma, hupaza sauti, waumini huitikia amina. Kisha mzazi hurudi nyumbani na kuikuta fomu ya maelekezo ya kujiunga kidato cha kwanza palepale mezani alipoiacha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari, nauli, godoro la bweni na mchango wa chakula vipo. Juu ya hayo mzazi huyu ana mzigo wa pili aliopewa kanisani. Aliingia na hofu ya sare, ametoka na hofu ya sare pamoja na hofu kwamba imani yake ni haba.

Yesu hakutoa amri peke yake. Katika zile aya kumi, 25 hadi 34, alitoa sababu: yuko Baba anayejua kwamba mnahitaji hayo yote. Alitoa kipimo: siku moja. Alitoa na kazi: utafuteni kwanza ufalme wake na haki yake. Sisi tumebeba amri, na hayo mengine matatu tumeyaacha njiani.

Chukueni wale ndege. Wengi wakisikia "waangalieni ndege wa angani" hupata picha ya ndege aliyetulia tawini akisubiri kulishwa. Mkulima wa mpunga wa Mbarali atawaeleza habari za ndege vizuri kuliko mwanateolojia: kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kulipokucha tu yuko kazini kuzitafuta. (Mkulima huyo, akiambiwa kwamba Baba wa mbinguni huwalisha ndege, ana haki ya kuuliza kwa nini iwe shambani kwake. Swali hilo namwachia mchungaji wake.) Yesu alisema ndege hawapandi, hawavuni wala hawakusanyi ghalani. Hakusema hawatoki. Ndugu zetu Waislamu hawamwiti Mungu Baba, nami siwatwishi neno hilo, ila katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi wana maneno yanayokaa jirani kabisa na haya: lau mngemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi matumbo matupu na kurejea jioni wameshiba. Na yule mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake ama amwache huru na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge, kisha ategemee.

Kipimo cha siku moja nacho tumekiharibu. Tunasali "utupe leo", halafu madhabahuni tunasikia kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, na ushahidi unaoletwa ni mana ya jangwani. Basi someni Kutoka 16 mpaka mwisho. Ni kweli kila kichwa kilipewa pishi moja kwa siku, kama lita mbili hivi, na waliobakiza mpaka asubuhi walikuta mabuu na harufu. Lakini endeleeni hadi aya ya 22 na ya 24. Siku ya sita watu waliokota pishi mbili kwa kila mtu, wakaweka hadi asubuhi ya Sabato, na chakula hakikunuka wala hakikuingia buu hata mmoja. Mana ilikuwa ileile, na usiku ni usiku. Tofauti ni kwamba safari hii akiba ilikuwa na agizo, na siku yake ilijulikana. Yusufu naye kule Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na hakuna aliyemwambia kwamba amemdharau Mungu wa baba zake.

Januari ni siku inayojulikana. Haijawahi kuchelewa. Mahitaji ya mtoto yakiwa shilingi 240,000, mzazi anayeanza kuweka Februari na kumaliza Novemba anahitaji 24,000 kwa mwezi, chini kidogo ya 6,000 kwa wiki. Hisa zake za kikoba zikiwa na jina hilo kuanzia mwanzo, na kikoba kikivunjwa Desemba, hiyo ni mana ya siku ya sita. Kinachoharibika ni kitu kimoja: fedha isiyo na jina. Akiba ya "dharura" huliwa na harusi ya Juni na kipaimara cha Agosti, kwa sababu mbele ya ndugu kila kitu ni dharura. Ipeni jina na tarehe, mtaona ilivyo vigumu kuigusa.

Sasa namna yenyewe, maana hapa ndipo mahubiri yetu huishia kwenye "mwachie Mungu" bila kusema mtu anamwachiaje. Petro anaandika, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Kumtwika mtu mzigo ni tendo, na lina hatua zake.

Chukua daftari dogo. Keti mezani au mkekani, usiwe kitandani, walau saa moja kabla ya kulala. Andika kila kinachokusumbua, mstari mmoja kwa jambo moja, kwa jina, kiasi na tarehe. "Maisha magumu" si mstari. "Sare ya Neema, 65,000, kabla ya tarehe 12" ni mstari. Hofu isiyo na kiasi haiombeki wala hailipiki, ndiyo maana inazunguka kichwani usiku kucha. Ukimaliza, weka herufi pembeni ya kila mstari. L kwa jambo ambalo leo au kesho unaweza kulifanyia kitu. S kwa jambo la kusubiri tarehe yake. M kwa jambo ambalo mkono wako haufiki kabisa: majibu ya vipimo, mvua, moyo wa mwenye nyumba. Yote ni ya Mungu, sawa. M ni yale ambayo huna hata pa kuyashikia.

Kwenye kila L andika hatua moja ndogo kiasi cha kufanyika kabla ya saa sita mchana: kumpigia nani, kwenda wapi, kuuliza nini. Kwenye S andika tarehe ya kulitazama tena, na kabla ya tarehe hiyo usilitazame. Kisha omba ukilipitia daftari, ukitaja mstari mmoja mmoja kwa sauti, pamoja na kiasi chake. Wapo wanaoona aibu kumtajia Mungu shilingi. Mtoto hamwambii mama yake "nakuomba mahitaji yangu". Anasema kalamu imekwisha. Mathayo 6:8 inasema Baba anajua kabla hatujaomba, kwa hiyo hatutaji ili apate habari. Tunataja ili sisi wenyewe tuutue mzigo tukiujua ni upi. Malizia kwa shukrani tatu za siku hiyohiyo, nazo ziwe na majina: si "nashukuru kwa uzima", bali fundi amekubali kulipwa nusu, homa ya mtoto imeshuka, umeme haukukatika. Funga daftari. Dakika 20 zinatosha, na zikizidi sana kuna tatizo.

Tatizo hilo lina sura yake, nalo limeenea kuliko tunavyokubali. Mtu hupiga magoti dakika arobaini akiirudia shida ileile kwa maneno tofauti, akainuka amechoka kuliko alivyoanza. Hayo hayajawa maombi bado. Ni wasiwasi uliopiga magoti. Dalili yake ni kwamba hamna shukrani ndani yake na hauna mwisho. Paulo katika Wafilipi 4:6 aliweka mambo matatu pamoja: kusali, kuomba, na kushukuru. Ukiliondoa la tatu, mtu anabaki anaitazama shida tu. Dawa ni daftari na saa.

La pili linaloharibika ni nadhiri za hofu. Mtu akiwa na presha ya deni humwahidi Mungu mbuzi, mfungo wa siku 21, au fungu la mshahara ambao haujaingia. Wiki tatu baadaye ana deni la mkopeshaji na deni la Mungu. Usiweke nadhiri usiku. Ikiwa asubuhi, baada ya chai, bado unaitaka, ifikirie.

La tatu ni mikesha. Mwenye wasiwasi tayari halali, nasi tunamwita mkesha Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Mwili usiolala huona kila jambo kubwa mara mbili. Hiyo ni hali ya mwili, haimhusu shetani. Zaburi ya 127 inasema Yeye humpa mpenzi wake usingizi. Mshauri mwenye busara atamwambia mtu wa namna hii akalale, na mkesha aombewe na wenye nguvu.

Hofu ikikuamsha saa nane za usiku, usifungue simu kuangalia salio. Kama jambo ni jipya, liandike mstari mmoja, basi. Kama ni la zamani, jiambie, "Limo daftarini, na Baba anajua." Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara kumi au zaidi. Kutoa hewa kwa kirefu hupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukipoa ndipo andiko hupata pa kukaa.

Kuhusu madeni nitakaa kidogo, kwa kuwa mengi yanayoitwa "mapito" siku hizi ni mikopo ya kausha damu. Tuchukue mfano. Umekopa 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 260,000, na watu husema riba ni asilimia 30. Sivyo. Siku ya 13 umesharudisha 130,000, lakini gharama inahesabika kana kwamba bado umeishika laki mbili yote. Kwa wastani fedha iliyokuwa mikononi mwako siku hizo ni kama laki moja, nawe umeilipia 60,000 ndani ya muda usiofika mwezi. Hakuna genge la nyanya linalozaa hivyo. Anayesema "Mungu atafanya njia" kisha akachukua mkopo wa pili ili alipe wa kwanza amekwisha kuichagua njia mwenyewe.

Katika 2 Wafalme 4 mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha: mume amekufa, anayemwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamwambii aamini tu. Anamuuliza, una nini nyumbani? Ana chupa ya mafuta. Anamtuma aazime vyombo kwa majirani, na vyombo visiwe vichache. Anamwambia ajifungie ndani na wanawe, amimine. Muujiza unatokea, lakini tazameni agizo la mwisho: nenda ukauze mafuta, ulipe deni, nanyi mwishi kwa yaliyosalia. Hesabu ya mali iliyopo, msaada wa majirani, faragha, biashara, deni kwanza, matumizi baadaye. Mungu yule yule aliyeongeza mafuta ndiye aliyetaka yauzwe sokoni.

Kwa mwenye deni leo, hatua ni hizi. Mfuate mkopeshaji kabla ya tarehe kupita, si baada. Mwenye deni anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayezima simu. Omba rejesho dogo kwa muda mrefu zaidi, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya shahidi. Usisaini karatasi tupu. Usimkabidhi mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Walimu na wauguzi wengi wamenaswa hapo, mshahara unaingia na kutoka bila wao kuuona. Kwa mikopo ya simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Na mwambie mwenzi wako. Deni la siri ndani ya ndoa hufanya hata sala ya pamoja iwe ya kuigiza.

Hapa sina budi kuwakera baadhi yenu. Mwenye sare ya kununua akiambiwa "panda mbegu" kwa fedha ya sare ili Mungu amfungulie, ameelekezwa kwa baba anayemnyang'anya mtoto mkate kwanza ndipo ampe. Yesu aliikuta desturi ya namna hiyo. Katika Marko 7, aya ya 11 hadi 13, watu walitangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, na aliwaambia wazi kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sadaka ni njema, itolewe kwa furaha, na itoke kwenye kilicho chako kutoa. Ada ya mtoto na dawa ya mama si vyako kutoa.

Lipo kosa kubwa kuliko hayo, la kuita kumjaribu Mungu kuwa ndiyo kumtegemea. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamsomea Zaburi ya 91, neno zuri kabisa, ili ajitupe chini. Jibu lilikuwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilianza kufukuliwa miili ambayo baadaye ilizidi 400, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Mungu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Tusijidanganye kwamba jambo hilo lilianzia msituni. Huanza na sentensi ndogo ya madhabahuni isiyorekebishwa. Kwa hiyo semeni kwa sauti, tena kila mara kabla ya mfungo: mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, anayetumia ARV, mjamzito na anayenyonyesha asifunge wala kuacha dawa kabla ya kuzungumza na mtabibu wake.

Niliseme na jina lenyewe la Baba. Kwa wengine jina hili halitulizi. Wapo waliolelewa na baba wa fimbo, wapo ambao baba ni jina kwenye cheti cha kuzaliwa tu. Ukimwambia huyo "Mungu ni Baba yako", mwili wake unasikia kitu kingine. Msimlazimishe. Mpeni kwanza Isaya 49:15, ambapo Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, akasema hata hao wakisahau, Yeye hatasahau. Mpeni Isaya 66:13 na Hosea 11:3, Mungu akimfundisha mtoto kutembea na kumbeba mikononi. Mpeni zaidi ya yote Zaburi ya 131, fupi kuliko tangazo la kanisa: nafsi imetulia kama mtoto aliyeachishwa, kifuani mwa mama yake. Hakusema mtoto anyonyaye. Anyonyaye akiwekwa kifuani hutafuta ziwa, akilikosa hulia. Aliyeachishwa ameshapita vita hiyo, tena kuachishwa si jambo dogo, mtoto hulia siku nyingi akidhani amekataliwa. Sasa yuko kifuani palepale na hatafuti maziwa. Amekuja kwa mama. Ndiyo hali tunayoitafuta, na huja polepole. Mwenye jeraha la baba apewe miezi, aombe kwa zaburi hizo, na jina la Baba atalifikia mwenyewe kwa wakati wake.

Na msiwafiche watu kwamba mtoto apendwaye pia hunyimwa. Getsemane, katika Marko 14:36, Yesu anasema "Aba, Baba", anaomba kikombe kimwondokee, na kikombe hakikuondoka. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, akapewa neema, mwiba ukabaki. Ibada zetu za ushuhuda huwapa kipaza sauti waliopata kazi, nyumba na mtoto. Aliyekosa hukaa kimya nyuma akijihesabu si mwana. Mara moja kwa mwezi mpeni nafasi mtu ambaye bado anasubiri, aseme anavyosubiri, na mtu asimkimbilie na mafuta ya upako kabla hajamaliza sentensi.

Kuna wasiwasi ambao ni ugonjwa, na kiongozi wa kiroho lazima autambue. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi hali vizuri, halali, hana furaha na lolote alilokuwa akilipenda, anajiona hana thamani, moyo unamdunda bila sababu au anataja kufa, hiyo inaweza kuwa sonona au maradhi ya wasiwasi, na mahali pake ni hospitali pamoja na maombi. Akitaja kufa, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni sumu ya shambani na dawa nyumbani, mpelekeni siku hiyohiyo. Watu huogopa kwamba wataishia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wengi huhudumiwa hospitali ya wilaya na kurudi nyumbani. Tena tunaye mgonjwa wa kwanza wa mfano katika 1 Wafalme 19. Eliya amelala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kule Horebu, siku 40 mbele.

Mwisho ni jumuiya zenyewe. Baba wa mbinguni mara nyingi hulisha kwa mkono wa jirani. Ndiyo maana kanisa la kwanza, Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, lilichagua watu saba washughulike na meza. Jumuiya ya kaya 12, kila kaya ikitoa 1,000 kwa wiki, hupata 624,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini ni sare, nauli ya hospitali na unga wa mwezi kwa kaya kadhaa. Mifuko hii hufa kwa sababu zinazojulikana: fedha kukaa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, kuchanganywa na michango ya harusi, na aliyesaidiwa kutangazwa jina mpaka wengine wanaona heri walale njaa. Basi laini iwe ya kikundi, ya kulipia kwa idhini ya watu watatu kama mtandao unaruhusu, na kama hauruhusu, simu ikae kwa mmoja na namba ya siri kwa mwingine. Daftari lisomwe kila mwezi, kiasi kitajwe na jina lisitajwe. Atakayepewa asiombwe kutoa ushuhuda. Na msikope mfuko huu kujenga uzio wa kanisa, hata kama fundi yuko mlangoni.

Ninachoomba Jumapili hii ni kidogo. Mkisoma Mathayo 6, someni hadi aya ya 34, kisha wagawieni watu karatasi na kalamu, mwape dakika kumi waandike mistari yao kimya kabla ya maombi ya pamoja. Asiyejua kuandika akae na mtu anayemwamini. Karatasi zisikusanywe, zisiletwe madhabahuni. Kila mtu aende nayo nyumbani, maana Jumatatu asubuhi ana L zake za kushughulikia.

Mwalimu wa kipaimara,
Iringa